Jinsi ya Kuchagua Mita ya Gesi Itakayokugombanisha na Kila Mtu

Mwongozo huu hauwahusu wenye bahati. Kama unaishi Dar es Salaam, Lindi au Mtwara, katika nyumba ambayo bomba la gesi asilia limefika hadi jikoni, geuza ukurasa uendelee na mchuzi wako. Wewe huchagui mita. Msambazaji huja nayo, huifunga ukutani, huipiga lakiri, na kazi yako inabaki kuisalimia ukipita. Ninaowaandikia ni wale ambao bado wana uhuru kamili wa kukosea: mwenye nyumba aliyepanga mitungi mikubwa uani na kuvuta bomba hadi kwa wapangaji wanane, mwenye hoteli, na meneja wa kiwanda kando ya Barabara ya Nyerere aliyepewa bajeti, fundi na wiki moja.

Tuanze na mwenye nyumba, maana ndiye mwenye haraka.

Nunua kubwa kuliko ya jirani

Ukiingia dukani, usitaje jiko. Ukitaja jiko, muuzaji anayeijua kazi yake ataanza kukuuliza una pleti ngapi, oveni ipo au haipo, gesi ni ya mtungi au ya bomba, na kabla hujakaa sawa ameshakuuzia kidude cha kijivu kisichoonekana hata mgeni akisimama getini. Sema tu: "Nataka ile kubwa."

Mita hizi zina herufi G na namba ubavuni: G1.6, G2.5, G4, G6, kisha zinapanda hadi za viwandani kama G65 na G100. Kwenye kibati chake kuna namba mbili nyingine, na hizo usizisome. Qmax ni kiasi kikubwa cha gesi kinachoweza kupita kwa saa moja bila mita kuumia. Qmin ni kiasi kidogo kabisa ambacho mita bado inaahidi kukihesabu kwa haki. G4 ya kawaida huanzia mita za ujazo 0.04 hadi 6 kwa saa. G65 huanzia 0.65 na kuishia 100. Mia nzima! Hiyo ndiyo namba ya kumtajia shemeji.

Wapo watu wanaopenda kuharibu furaha za wenzao, na hesabu yao iko hivi. Mita moja ya ujazo ya gesi ya mtungi ina nishati ya karibu uniti 28, uniti zile zile za umeme unazonunua kwenye LUKU. Jiko la pleti nne na oveni, vyote vikiwaka kwa nguvu zote, hula kama kilowati 10. Chukua majiko manane ya namna hiyo, yawashwe yote kwa pamoja saa kumi na moja na nusu jioni ya Ramadhani, sambusa zikiwa mafutani, uji ukitokota na oveni zikioka mikate ya kumimina. Jumla yake haifiki mita za ujazo 3 kwa saa. Ghorofa zima, katika saa yake ya pilikapilika kuliko zote za mwaka, linatoshwa na G4 na nusu ya uwezo wake inabaki.

Upande wa chini ndiko kwenye mambo. Mpangaji wa juu anapunguza moto wa maharage hadi mwisho, labda kilowati 0.4. Kwa gesi ya mtungi, hiyo ni kama mita za ujazo 0.014 kwa saa. G4 ahadi yake ilishaishia kwenye 0.04. Hata G1.6, ndogo kuliko zote nilizozitaja, inaahidi kuanzia 0.016 tu. Na G65 yako? Mpaka wake wa chini ni sawa na kilowati 18. Mpangaji anaweza kuwasha pleti zote na oveni juu, akapika shughuli ya ukoo mzima, asifike hata kwenye kizingiti ambapo mita yako inaanza kuwajibika. Utaombewa dua kila Ijumaa, na Jumapili pia.

Mwenye nyumba mjanja huweka G65 uani kama mita mama, kisha G1.6 kwa kila mpangaji. Mwisho wa mwezi mita ndogo nane zikijumlishwa hazilingani na ile kubwa, naye huigawa tofauti kwa nane na kuiandika "gharama za pamoja". Aliyekuwa safarini Tanga mwezi mzima naye analipa. Hata mita zilizochaguliwa vizuri hazilingani kabisa: mita ya daraja la 1.5, ikiwa mpya, inaruhusiwa kukosea kwa asilimia 1.5 kwenye sehemu kubwa ya safari yake na asilimia 3 karibu na mpaka wa chini. Tofauti ndogo ya mwisho wa mwezi si wizi. Lakini ukianza kuwaeleza wapangaji hayo, mtazungumza kwa utulivu, na mwongozo huu haukuandikwa kwa ajili ya utulivu.

Soma namba zote, hasa nyekundu

Kioo cha mita kina tarakimu nyeusi, kisha alama ya mkato, kisha tarakimu tatu zenye rangi nyekundu au zilizozungushiwa nyekundu. Nyeusi ni mita za ujazo. Nyekundu ni lita. Wewe zisome zote kwa mkupuo. Mpangaji aliyetumia mita za ujazo 12 na ushei atadaiwa elfu kumi na mbili, atapanda juu na ndugu zake wawili, na hapo mtakuwa mmeanza kufahamiana.

Nunua kwa kilo, uza kwa ujazo

Gesi ya mtungi unainunua kwa kilo. Mita yako haijui kilo. Inajua ujazo tu. Katikati ya vipimo hivi viwili kuna faida, au kesi, kutegemea nani ameshika kalamu.

Mita moja ya ujazo ya gesi hiyo, ikiwa mvuke kwenye nyuzi joto 15 na usawa wa bahari, ina uzito wa kilo 2 na kidogo. "Kidogo" hicho kinategemea mchanganyiko wa propani na butani, na mchanganyiko wenyewe hautulii: ndani ya mtungi propani hukimbilia kutoka kwanza, butani iliyo nzito hubaki nyuma. Mita ya ujazo ya mwanzo wa mtungi na ya mwisho wa mtungi hazina uzito mmoja, wala nishati moja. Mpangaji anayepika mwanzoni na anayepika mwishoni wanalipa bei ile ile kwa vitu viwili. Kwa kuwa mita haisemi, nawe usiseme.

Kisha panda nayo mlimani. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huko inasukuma kwa nguvu pungufu kwa takriban asilimia 15 kuliko ya pwani. Gesi inayofika jikoni kwa presha ndogo hufuata hewa ya mahali ilipo, kwa hiyo mita ya ujazo ya Arusha ina gesi pungufu kwa kiasi hicho, ubaridi wa huko ukirudisha sehemu. Mwenye hoteli aliyenakili hesabu za tawi lake la Dar es Salaam anawatoza wapangaji wa maduka yake ya chini hewa ya Mlima Meru. Akiambiwa, aseme bei ya usafiri imepanda.

Mahali pa kuifunga

Ukuta wa magharibi ndio bora, pale jua la alasiri linapopiga moja kwa moja. Ifungie hapo kwenye kisanduku cha chuma kilichopakwa rangi nyeusi. Vibati vingi vya mita huandika kiwango cha joto ambacho mita inavumilia, na baadhi huishia nyuzi 40. Kisanduku chako kitazipita hizo kabla ya adhana ya alasiri.

Au, kama una ngazi, iweke chini ya ngazi, kwenye kabati lililofungwa lisilo na tundu. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hairuki, inashuka, inatambaa sakafuni, inajikusanya shimoni na kusubiri mtu awashe swichi. Gesi asilia, ambayo kwa sehemu kubwa ni methani, hupanda juu na hutoroka kama dari lina upenyo. Fundi makini atakuuliza ni gesi gani kabla ya kuamua matundu ya hewa yawe juu au chini. Fundi wa mwongozo huu haulizi.

Kuhusu presha, mita ya nyumbani kwa kawaida huandikwa pmax, yaani presha kubwa kabisa inayoruhusiwa, ya bar 0.5 au karibu na hapo. Presha ndani ya mtungi kwenye joto la pwani ni bar kadhaa. Regyuleta ndiyo inayosimama katikati yao. Fundi akifunga mita kabla ya regyuleta "ili bomba lionekane limenyooka", mlipe haraka na umwombe aondoke kabla hujafungua vali, ili lawama zibaki kwako peke yako.

Kiungo kikishakazwa, kijaribu kwa povu la sabuni. Hapa naacha utani: povu likitutumka, gesi inavuja, funga vali ya mtungi. Anayejaribu kwa kiberiti hupata jibu mara moja, na mara nyingi ndilo la mwisho.

Lipa kwanza, uliza baadaye

Mita ya kulipia kabla inapendwa kwa sababu inamwondolea mwenye nyumba kazi ya kubisha hodi. Dar es Salaam na Nairobi zimeshazoea mita zinazofungwa kwenye mtungi wenyewe, mtu akanunua kwa simu gesi ya pesa aliyonayo mfukoni. Jambo hilo ni zee. Mwishoni mwa karne ya 19 maskini wa miji ya Uingereza walikuwa wakitumbukiza peni kwenye mita ya gesi ili wapike chakula cha jioni.

Na kabla ya hapo wizi ulikuwa umeshatangulia. Kampuni za kwanza za gesi London ziliuza kwa idadi ya taa na saa za kuwasha, na bila shaka wateja walisahau kuzima. Samuel Clegg akatengeneza mita mwaka 1815, ngoma inayozunguka ndani ya maji. Mita hiyo ilitegemea kimo cha maji yake. Maji yakipungua, kila mzunguko ulipitisha gesi nyingi kuliko ilivyoandikwa, na mteja akapata nyongeza ya bure. Miaka mia mbili ya wahandisi imefuata, na kila kizazi kimetengeneza mita kikimwaza yule mteja mwenye kikombe cha kuchotea.

Ukinunua ya kulipia kabla, chagua ile inayofungua vali yenyewe mara tu pesa inapoingia. Moto wa mpangaji unazimika katikati ya ugali, anakasirika, anakwenda kwa mama yake na kuacha kitasa cha jiko wazi. Akiwa huko anatuma pesa kwa simu. Vali inafunguka, gesi inatiririka, nyumba haina mtu wala moto. Mita za maana hukataa kufunguka mpaka mtu abonyeze kitufe akiwa mbele yake, au hupima kwanza kama gesi inakimbia upande wa jikoni. Zina bei kubwa kidogo. Ndiyo maana muuzaji huzitaja mwisho.

Sasa meneja wa kiwanda

Tangu mwaka 2004, gesi ya Songo Songo ilipoanza kufika Dar es Salaam, na zaidi baada ya bomba la Mtwara kuzinduliwa mwaka 2015, viwanda vingi vya jiji vimeacha mafuta mazito. Msambazaji huja na mita yake kwenye mpaka wa kiwanda, lakini mkaguzi wa gharama hutaka mita za ndani pia: ya boila, ya tanuri, ya jiko la kantini. Hapo ndipo unapopewa nafasi ya kuchagua.

Utaambiwa kuna mita ya rotari, yenye vipande viwili vya umbo la namba nane vinavyozunguka vikipokezana vifuko vya gesi. Haihitaji bomba refu lililonyooka mbele yake. Inataka kufungwa sawasawa kwa pima maji, iwekewe mafuta yake, na ichujiwe gesi. Chembe moja ya masalia ya kuchomelea ikiingia inaweza kukwama, na ikikwama gesi haipiti. Boila inazimika, na mkurugenzi anajua jina lako.

Utaambiwa pia kuna mita ya tabaini, yenye kijifeni ndani. Hiyo ikikwama gesi inaendelea kupita. Kinachosimama ni hesabu peke yake. Sijawahi kusikia idara ya uzalishaji ikilalamika juu ya hitilafu hiyo. Inataka bomba lililonyooka mbele yake, kwa hiyo ifunge baada tu ya kona mbili na vali, gesi ifike ikiwa inazunguka na kijifeni kishindwe kujua la kuhesabu. Siku ya uzinduzi fungua vali kwa mkupuo mgeni rasmi akitazama. Kijifeni kitazunguka kupita uwezo wake na mbawa zake zitajaribu kuondoka. Wanaofungua taratibu, robo kwa robo, hawapigwi picha.

Uzuri wa tabaini kwa mwongozo wetu uko kwenye tanuri la mikate. Tanuri hilo linawaka, linafika joto linalotakiwa, linazima, linawaka tena, mchana kutwa. Moto ukizima gesi inasimama hapo hapo, kijifeni kinaendelea kuzunguka kwa mazoea, na mita inaandika gesi ambayo haikupita. Kwa boila inayounguruma usiku na mchana bila kukatika, tabaini ni mita nzuri sana. Kwa tanuri la kuwaka na kuzima, rotari ndiyo ingefaa, au ya ultrasoniki, inayopima kwa mawimbi ya sauti na haina kinachozunguka. Basi wewe peleka tabaini kwenye mikate.

Utamu zaidi uko kwenye kusahihisha hesabu, maana hapo pesa zinapotea bila mtu kuvunja kitu. Gesi hukubali kubanwa. Mita ya kiwandani huhesabu ujazo jinsi gesi ilivyo ndani ya bomba, lakini bili huandikwa kwa ujazo wa hali ya rejea, mara nyingi nyuzi 15 na presha ya kawaida ya hewa. Chukua bomba lenye bar 4 kwenye geji. Geji haihesabu hewa inayotuzunguka. Ukiijumlisha, presha halisi ni kama bar 5. Mita moja ya ujazo iliyopita kwenye mita ni karibu 4.95 za bili. Mhandisi akichukua 4 ya geji na kusahau ile hewa ya bure, mita ya ndani itaonyesha pungufu kwa karibu asilimia 20, na meneja atamshuku msambazaji kwa mwaka mzima.

Kisha joto. Gesi ya nyuzi 30, ambayo kwa Dar es Salaam si ajabu, imetanuka kwa zaidi ya asilimia 5 kuliko ya nyuzi 15. Zile 4.95 zinashuka hadi 4.70 hivi. Kisahihishi chenye kihisi cha joto kinaliona hilo na kuandika ipasavyo. Kile ambacho fundi alikipangia nyuzi 15 za kudumu, kwa kuwa ndizo alizozikuta kwenye kitabu cha nchi za baridi, kitaandika mita za ujazo 1,000 mahali zilipopita kama 950. Hakuna kengele itakayolia. Bili itakuja ikiwa safi, yenye desimali tatu.

Epuka stika

Kipimo chochote kinachotumika kuuzia watu kitu kinatakiwa kuhakikiwa, na Tanzania kazi hiyo ni ya Wakala wa Vipimo, wale wanaobandika stika kwenye pampu za mafuta na mizani ya sokoni. Mwenye nyumba wetu, anayewauzia wapangaji gesi kwa mita aliyoagiza kwa simu ikafika kwenye boksi lisilo na karatasi, ataona stika hiyo ni usumbufu. Ni kweli. Mita ikishahakikiwa, mpangaji akibisha mnakuwa na mahali pa kwenda kuamuliwa, na mahali hapo si lazima pakupe ushindi.

Kama umefika hapa bado unataka kununua mita itakayopima gesi, andika namba nne kwenye karatasi kabla ya kutoka nyumbani: moto mkubwa kuliko wote utakaowashwa kwa pamoja, moto mdogo kuliko wote utakaoachwa unawaka peke yake, presha pale mita itakapokaa, na joto la mahali hapo saa tisa alasiri. Juu yake andika ni gesi ya mtungi au ya bomba. Mpe muuzaji karatasi hiyo. Akianza kupekua katalogi, vuta kiti ukae. Akikuuliza kwanza bajeti yako ni shilingi ngapi, muage kwa adabu uende duka linalofuata.